Biashara, sera za umma au ujasiriamali wa kijamii: uchague fani ndogo ipi NYU?

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha New York, NYU, akishaamua fani kuu yake, huruhusiwa kubeba pia fani ndogo kutoka shule kuu nyingine ya chuo hicho hicho. Fani ndogo ni fungu la kozi chache tu. Kozi ya kawaida pale ni yuniti nne, na shahada nyingi hukamilika kwa yuniti 128, kwa hiyo nafasi ipo. Anayesoma baiolojia anaweza kumaliza akijua uhasibu na masoko. Anayesoma historia anaweza kumaliza akijua bajeti ya serikali inavyopikwa. Kwa aliyezoea mfumo wetu, ambapo kozi karibu zote umeshapangiwa tangu siku ya kuripoti chuoni, uhuru huo unavutia na unachanganya kwa wakati mmoja.

Nalinganisha tatu, zile ambazo vijana wanaosema "nataka kurudi kusaidia nyumbani" huzitupia macho kwanza. Moja ni masomo ya biashara, inayotolewa na Shule Kuu ya Biashara ya Stern kwa wanafunzi wasio wa Stern. Ya pili ni sera za umma na menejimenti. Ya tatu ni ujasiriamali wa kijamii. Hizi mbili za mwisho Stern inaziendesha kwa ubia na Wagner, shule kuu ya utumishi wa umma iliyoanzishwa mwaka 1938 na baadaye ikapewa jina la Robert F. Wagner, meya wa jiji hilo kuanzia 1954 hadi 1965.

Ukisoma maelezo yao kwa haraka utadhani zimeandikwa na mtu mmoja. Zote zinataja uongozi, zote zinataja jamii, zote zina kozi za Stern ndani yake. Mimi nazitenganisha kwa swali moja: katika kazi unayotaka kuifanya, nani analipa? Kama ni mteja kutoka mfukoni mwake, hiyo ni biashara. Kama ni mlipakodi, hiyo ni sera za umma. Na kama ni mtu wa tatu aliyeweka fedha zake akitaka zirudi na pia akitaka kuona maisha ya watu yamebadilika, umeingia kwenye ujasiriamali wa kijamii, ambako mambo ni magumu kuliko jina linavyopendeza.

Chandarua kimoja, hesabu tatu

Mfano mzuri hauko New York bali Arusha, ingawa New York ina mkono ndani yake. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset, vile ambavyo dawa yake imechanganywa ndani ya uzi wenyewe ili isiishe kwa kufuliwa. Teknolojia ilitoka Sumitomo Chemical ya Japani. Sehemu ya mtaji ilikuwa mkopo wa Acumen, mfuko ulioanzishwa New York mwaka 2001 na Jacqueline Novogratz. UNICEF ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo. Kiwanda kikakua hadi kuajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake.

Mpe mwanafunzi wa masomo ya biashara habari hiyo, ataanza na gharama. Plastiki ya kutengenezea uzi inanunuliwa wapi, kwa bei gani, na bei ya mafuta duniani ikipanda nini kinatokea? Mashine moja inatoa vyandarua vingapi kwa zamu? Mkopo unaanza kulipwa lini, na fedha taslimu zitakuwepo siku hiyo? Haya ni maswali ya uhai wa kiwanda, na mtu asiyeweza kuyajibu hana haki ya kusema lolote kuhusu kuwaokoa watoto na malaria kwa njia ya biashara.

Mwanafunzi wa ujasiriamali wa kijamii ataanza kwingine. Kwa nini mkopo ule haukutoka kwenye benki ya kawaida? Anayekopesha kwa subira, akikubali hatari ambayo benki inaikimbia, anapima vipi kama fedha zake zimefanya kazi: kwa marejesho, kwa idadi ya vyandarua, au kwa idadi ya watoto waliolala ndani yake? Na jambo ambalo vijana wengi hulikwepa: mnunuzi halisi wa chandarua kile ni nani? Mama wa Kondoa ndiye anayekitumia, lakini oda kubwa zinatoka kwenye zabuni za mashirika ya kimataifa. Anayetumia si yule anayelipa. Ukilisahau hilo, mpango wako wa biashara utakuwa mzuri kwenye karatasi tu.

Halafu anakuja mwanafunzi wa sera za umma na kuuliza: je, chandarua kiuzwe au kigawiwe bure? Hapa ndipo penye utajiri, kwa sababu Tanzania na Kenya zimelipitia swali hilo kwa vitendo. Mwaka 2004 Tanzania ilianzisha Hati Punguzo. Mama mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo duka la karibu, akaongeza kiasi chake, akaondoka na chandarua. Wazo lilikuwa kulinda biashara ya maduka na kumsaidia mama kwa wakati mmoja. Baadaye zikafuata kampeni kubwa za kugawa bure nchi nzima, na kuanzia 2013 ugawaji kupitia shule katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma. Hati Punguzo yenyewe ilifungwa 2014.

Upande wa Kenya, wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walifanya jaribio kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa nchi. Kliniki nyingine ziligawa vyandarua bure, nyingine zikaviuza kwa bei ndogo ndogo zilizotofautiana. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalishtua waliokuwa wakiamini kwamba cha bure hakithaminiwi. Bei ilipopanda kutoka bure hadi senti 60 hivi za dola, waliochukua chandarua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Na waliopewa bure hawakuonekana kukitumia kidogo kuliko walionunua. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshashauri mwaka 2007 kwamba vyandarua vitolewe bure au kwa ruzuku kubwa.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya kijana aliyeandika andiko zuri la kampuni ya kuuza vyandarua kwa bei nafuu vijijini. Uhasibu wake uko sawa, video yake inaliza watu, mwekezaji amevutiwa. Kilichomkosa ni kozi moja ya kumfundisha kusoma ushahidi wa namna hiyo kabla ya kuchapisha kadi za biashara.

Masomo ya biashara: kavu, lakini haifichi kitu

Hapa sitakaa sana, maana kila mtu anajua inafundisha nini: uhasibu wa fedha, masoko, misingi ya fedha, menejimenti na uendeshaji wa taasisi. Ubora wake ni kwamba ndiyo inayokupa ujuzi mgumu kujifunza peke yako. Kitabu cha falsafa ya uongozi unaweza kukisoma kwenye basi. Mizania na mtiririko wa fedha vinahitaji mtu wa kukusahihisha, mazoezi ya kila wiki na mtihani unaokutisha kidogo.

Udhaifu wake ni kwamba mteja ndani ya kozi hizo karibu kila mara ni mtu mwenye uwezo wa kulipa. Asiye nao hayupo kwenye jedwali. Mwalimu hatakuzuia kumwuliza, ila hakuna wiki iliyotengwa kwa ajili yake. Kwa anayesoma uuguzi, uhandisi au muziki, na ambaye shauku yake ya kijamii tayari inalishwa na fani kuu, hilo si tatizo. Kwake yeye ningesema achukue hii na asitazame nyuma. Muuguzi anayejua uhasibu ataendesha kituo cha afya. Asiyejua ataendeshwa na mhasibu wa kituo hicho.

Sera za umma na menejimenti: jina la kuchosha, mzigo wa maana

Hii ndiyo naipenda zaidi, nalisema mapema ili usome yanayofuata ukijua naegemea wapi.

Inachukua kozi za msingi za Stern na kuzifunga pamoja na kozi za Wagner kuhusu siasa za sera, usimamizi wa taasisi za umma na zisizo za faida, na fedha zake. Kijana wa miaka 19 haoni mvuto wowote hapo. Bajeti ya halmashauri haina picha ya kuweka mtandaoni. Lakini karibu kila jambo ambalo mjasiriamali wa kijamii analitaka Afrika Mashariki lina mlango wa serikali mbele yake, na anayejua mlango unavyofunguka ana faida kubwa.

M-PESA ni ushahidi. Watu huisimulia kama hadithi ya ubunifu wa Safaricom, na ubunifu ulikuwepo. Lakini majaribio yake yalipata karibu pauni milioni moja za fedha za umma za Uingereza kupitia idara ya maendeleo ya kimataifa ya nchi hiyo, na ilipozinduliwa mwaka 2007 ilitegemea uamuzi wa Benki Kuu ya Kenya wa kutoweka pingamizi, ingawa kampuni ya simu haikuwa benki na sheria mahsusi ya huduma hiyo haikuwepo. Afisa mmoja mwoga ndani ya benki kuu angetosha kuisimamisha. Kozi za biashara humfundisha mtu kubuni huduma. Kozi za sera humfundisha kwa nini mdhibiti anaogopa, na umpelekee nini ili aogope kidogo.

Mfano wa nyumbani zaidi ni mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri Tanzania. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha ya umma, inakopeshwa bila riba, kwa biashara ndogo, kwa lengo la kijamii. Ukitaka kitu kimoja kinachounganisha biashara, utumishi wa umma na ujasiriamali, hiki hapa, kimekaa kwenye kila wilaya. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zikawa zinataja fedha zisizorejeshwa mwaka hadi mwaka, na 2023 serikali ikasitisha utoaji wa mikopo hiyo hadi utaratibu mpya ulipopatikana mwaka uliofuata. Nani alikuwa anakagua vikundi kabla ya kukopesha? Afisa maendeleo ya jamii mwenye pikipiki moja na kata nyingi? Kuporomoka kwa utaratibu mzuri kama huo ni tatizo la menejimenti ya umma kuanzia juu hadi chini, na hakuna shindano la mawazo ya biashara litakalolitatua.

Udhaifu? Upo, na ni mkubwa kwa mwanafunzi wetu. Mifano mingi darasani ni ya Marekani: mfumo wa majimbo, Bunge la Washington, idara za jiji la New York, mashirika yasiyolipa kodi chini ya kifungu cha 501(c)(3). Utajifunza vizuri sana namna nchi nyingine inavyojiendesha. Ni juu yako kuomba mada zako za insha ziwe Dodoma au Nairobi, na walimu wengi wa shule kama Wagner hawakatai, kwani wamezoea wanafunzi kutoka pande zote za dunia.

Ujasiriamali wa kijamii: tamu, na inataka uangalifu

Fani hii ina historia fupi. Bill Drayton alianzisha shirika la Ashoka mwaka 1980 akitafuta watu wenye mawazo ya kubadilisha jamii. Muhammad Yunus aliifanya Grameen, mradi wa kukopesha maskini wa Bangladesh, kuwa benki kamili mwaka 1983, na yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2006. Mwaka huo huo mfuko wa Catherine B. Reynolds ulifadhili programu ya ujasiriamali wa kijamii hapo NYU. Baada ya hapo vyuo vya Marekani vikaanza kushindana kuwa na kozi, vituo na mashindano yenye jina hilo.

Kinachofundishwa ni cha kweli: kutambua tatizo, kubuni njia ya kulitatua inayojilipa yenyewe au inayolipiwa na mtu anayejulikana, kutafuta mtaji wa subira, kupima matokeo. Kwa mwenye jambo mkononi tayari, labda mradi wa mama yake wa kusindika mihogo au kikundi alichokianzisha sekondari, fani hii inaweza kumpa muundo na watu. New York ina wafadhili wengi, na Stern ina kituo cha ujasiriamali chenye mashindano ya kampuni changa, yakiwemo ya miradi ya kijamii.

Kwa asiye na jambo mkononi, nina wasiwasi. Darasa linahitaji mradi, muhula ni wiki 15 hivi, kwa hiyo tatizo hutafutwa haraka, na mara nyingi hupatikana kwenye kijiji ambacho hakuna mmoja kati ya wanakikundi aliyewahi kulala. Mwafrika pekee kwenye kikundi hujikuta anageuzwa mtaalamu wa bara zima. Ukiona hivyo, usinyamaze. Waulize kama wamewahi kumpigia simu mtu yeyote anayeishi huko.

Wasiwasi wa pili ni mzito zaidi, nao unahusu kile kinachotokea faida na huruma zikivutana. Compartamos ya Mexico ilianza kama shirika la hisani la kukopesha akina mama maskini. Ikageuka benki, na mwaka 2007 ikauza hisa zake sokoni kwa faida kubwa mno, huku wakopaji wakiendelea kulipa riba za juu sana. Yunus mwenyewe aliikosoa hadharani. Mwaka 2010 jimbo la Andhra Pradesh nchini India lilikumbwa na mgogoro wa mikopo midogo hadi serikali ya jimbo ikaingilia kati. Kwa Mtanzania somo hili halihitaji kusafiri: sote tunaijua mikopo ya kausha damu, na baadhi ya wanaoitoa hujitangaza kwa maneno yale yale ya kuwainua wanawake. Fani ndogo inayokufundisha kupima matokeo bila kukufundisha sheria na udhibiti inakuacha na nusu ya silaha. Ukiichagua hii, jazia kwa kozi ya sera hata kama hailazimishwi.

Jambo la tatu ni la kisheria, na husahaulika. Darasani utasikia habari za kampuni za manufaa ya jamii, yaani kampuni za kutafuta faida zinazojifunga pia kutumikia lengo la kijamii, aina iliyotambuliwa kwa sheria kwanza Maryland mwaka 2010, kisha majimbo mengine likiwemo New York. Ni muundo mzuri, ila usidhani utaukuta ukiusubiri nyumbani. Tanzania ilirekebisha sheria mwaka 2019, na kampuni zenye ukomo wa dhamana, yaani zisizo na hisa, zilizokuwa zikifanya kazi za mashirika yasiyo ya kiserikali zikatakiwa kuhamia kwenye usajili wa mashirika hayo. Kenya ilipitisha sheria ya mashirika ya manufaa ya umma mwaka 2013, ikaanza kutumika 2024. Miaka kumi na moja katikati! Mwenye fani ya sera angeuliza kwa nini.

Yale ambayo kipeperushi hakisemi

Fani ndogo huandikwa kwenye transkripti, ile orodha rasmi ya kozi na alama zako. Kwenye cheti chenyewe haipo. Matangazo ya kazi za serikali Tanzania yanayopita Sekretarieti ya Ajira hutaja shahada kwa jina: uchumi, uhasibu, utawala wa umma, sheria. Shahada ya nje inapaswa pia kutambuliwa na TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, na kwa Kenya na CUE, tume ya huko ya elimu ya vyuo vikuu. Kwa hiyo kama ndoto yako ni kuwa mchumi wa wizara, usisome anthropolojia na kutegemea fani ndogo ya sera ikubebe. Badili fani kuu. Wagner na Chuo cha Sanaa na Sayansi wana shahada kamili ya sera za umma kwa ajili ya watu wa aina hiyo.

Upande wa viza nao una lake. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, akimaliza anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi kwa miezi 12, lakini kazi lazima ihusiane na fani kuu. Nyongeza ya miezi 24 kwa fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati nayo inatazama fani kuu. Anayesoma kompyuta akaongeza ujasiriamali wa kijamii yuko salama. Anayesoma fasihi akadhani fani ndogo ya biashara itamfungulia kazi ya fedha Manhattan, ajue kwamba ofisi ya wanafunzi wa kimataifa itamuuliza fasihi inahusianaje na kazi hiyo.

Na neno "utumishi wa umma" lisikupumbaze: ajira za serikali kuu ya Marekani kwa sehemu kubwa ni za raia. Mpango wao wa kusamehe mikopo ya elimu kwa watumishi wa umma, ulioanza 2007, ni wa mikopo ya serikali hiyo, ambayo mwanafunzi wa kigeni kwa kawaida haipati. Mwenzako Mmarekani darasani anaweza kuwa anapiga hesabu tofauti kabisa na yako anapochagua fani ile ile, kwa hiyo ushauri wake uupime.

Kuhusu ada, habari si mbaya. NYU hutoza kiasi kimoja kwa anayechukua yuniti 12 hadi 18 kwa muhula katika programu nyingi, kwa hiyo fani ndogo ikipangwa vizuri haiongezi gharama. Ikipangwa vibaya, ukasukumwa kwenye kozi za kiangazi, itakuuma, na gharama ya mwaka mzima pale, malazi yakiwemo, tayari imepita dola 90,000 kwa asiye na ufadhili.

Na nje ya NYU?

Kama hujaomba chuo bado, yapo mengine mawili ya kutazama. Tulane, New Orleans, baada ya kimbunga Katrina cha 2005 iliweka sharti kwamba kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza afanye kazi ya kuhudumia jamii ndipo ahitimu, na ina fani ndogo ya ubunifu na ujasiriamali wa kijamii. Faida yake kwangu ni kwamba jamii inayohudumiwa iko mtaa wa pili, unaonana nayo kila wiki, na ukikosea wanakwambia. Berkeley ina fani ndogo ya umaskini duniani na utendaji, chini ya Kituo cha Blum, inayomtaka mwanafunzi aende kufanya kazi na taasisi halisi kisha arudi kutafakari alichokifanya. Biashara ni kidogo humo, lakini maswali ya nani anamsaidia nani, na kwa ruhusa ya nani, yanaulizwa kwa ukali kuliko kwingine.

Usipotaka kwenda Marekani, USIU-Africa ya Nairobi ilianza 1969 kama tawi la chuo cha San Diego na bado inafuata mfumo wa Kimarekani wa yuniti na kozi za kuchagua. Mzumbe haina mambo ya fani ndogo kwa mtindo huo, lakini mizizi yake ni shule ya serikali za mitaa ya mwaka 1953, na utawala wa umma na biashara vimekaa huko chini ya paa moja tangu enzi za IDM, chuo cha menejimenti ya maendeleo kilichotangulia chuo kikuu hicho. Kwa anayetaka kuwa mkurugenzi wa halmashauri, sioni aibu kusema Mzumbe itamfaa kuliko New York.

Nani achukue ipi

Fani kuu yako ikiwa ya kiufundi (kompyuta, uhandisi, uuguzi, kemia), na una mradi unaoendelea, ujasiriamali wa kijamii inakufaa. Bila mradi, chukua masomo ya biashara.

Fani kuu yako ikiwa uchumi, masomo ya biashara yatarudia mambo kwa sehemu, na idara huweka kikomo cha kozi zinazohesabiwa pande mbili. Nenda sera za umma na menejimenti. Vivyo hivyo kwa siasa, sosholojia na historia, ambako kozi za Stern ndani ya fani hiyo zitakupa namba ambazo fani kuu haikupi. Mwanafunzi wa Stern mwenyewe hahitaji kufikiri sana: kozi za Wagner ndizo asizonazo, na achague mojawapo kati ya mbili za ubia kwa kutazama orodha ya kozi za Wagner zilizomo, si jina la juu.

Na kama mwaka wa pili umeanza na bado hujaamua, jiandikishe kozi mbili tu kwa sasa: uhasibu wa fedha pale Stern na utangulizi wa sera za umma pale Wagner. Kabla ya kujiandikisha, peleka majina ya kozi hizo kwa mshauri wako wa masomo umuulize, kwa maandishi, kila moja inahesabiwa kwenye fani ndogo zipi kwa mwaka wako wa kuingia, kwa sababu orodha hubadilishwa. Ukiona unasubiri kwa hamu kipindi cha uhasibu na unasinzia kwenye cha sera, au kinyume chake, jibu lako litakuwa limepatikana kabla ya Desemba.